Pikapu ya Kale, Ringi za Baadaye

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ikiwa na bolti tano kila gurudumu, zimepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha inchi sita na nusu, yaani milimita 165.1. Defender ya mwisho ya ukoo huo ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Nayo ilikuwa na bolti tano, kwenye duara lilelile. Katika miaka 68 injini zilibadilika mara kadhaa, springi za bapa zikaipisha koili, breki za ngoma zikafuatwa na za diski, ila kipimo kile hakikuguswa. Ndiyo maana pikapu ya Land Rover 109 iliyokuwa ikipanda miinuko ya Kasulu na magunia ya mihogo miaka ya 1970 inaweza leo kusimama Mwanga, Kigoma, juu ya ringi zilizotengenezwa miaka thelathini baada yake, wala fundi asitoboe tundu hata moja.

Kulivika gari la zamani ringi za toleo la baadaye ni jambo linalofanyika Uingereza, India, Marekani na Uarabuni pia. Kwa anayetazama, kazi ni moja: jeki, spana, nati. Lakini kila nchi ina swali lake inalolijibu kwa kazi hiyo, na majibu hayo yakiwekwa ubavuni mwa jibu la Kigoma yanaonyesha jambo ninaloliona kubwa kuliko ringi zenyewe. Kila jamii, bila kukaa kikao, imekwisha kuamua ni kiungo gani cha gari ambacho kikiondoka, gari nalo limeondoka.

Tuanze na pwani ya ziwa. Enzi za Mwalimu, Land Rover 109 ilikuwa gari la wilaya, la misheni, la hospitali na la bwana shamba. Zilipostaafishwa, nyingi ziliingia mikononi mwa watu binafsi na kuendelea na kazi ileile ya kubeba: dagaa waliokaushwa mchangani, mawese, chumvi ya Uvinza, mbao, watu. Barabara ya Manyovu kwenye mpaka wa Burundi na ile ya Kasulu zimepata lami, lakini anayeshuka kutoka Uvinza kuelekea Kalya, kusini ya milima ya Mahale, bado anasafiri juu ya udongo na mawe. Huko swali ambalo mwenye gari humuuliza fundi ni fupi: itabeba? Umri wa ringi haumo katika swali hilo, wala uzuri wake.

Ili kulijibu, fundi makini hapimi duara la bolti peke yake, maana hapo ndipo wasiojua huishia. Hutazama kwanza unene wa bolti. Land Rover za zamani zilitumia bolti ya Kiingereza ya inchi tisa ya kumi na sita, kama milimita 14.3, za baadaye zilihamia bolti ya milimita 16. Ringi ya Defender imetobolewa kwa ajili ya bolti nene, hivyo ikivikwa kwenye habu ya zamani inabaki na ulegevu kidogo, na koni ya nati ndiyo inayoivuta ikae katikati. Fundi mwenye subira huamua kubadili bolti zote, au habu nzima, kabla hajagusa ringi. Kisha hutazama ringi imeingia ndani kiasi gani, yaani bamba linalokaa juu ya habu liko umbali gani kutoka katikati ya upana wake. Range Rover za kizazi cha kwanza, kuanzia 1970, zina duara lilelile la 165.1, lakini baadhi ya ringi zake zimewekwa ndani zaidi, na pikapu ya 109 ina ekseli fupi: upana kati ya magurudumu yake ni inchi 51 na nusu, wakati Defender ina 58 na nusu. Tairi linasogea karibu na springi, na usukani ukikatwa mpaka mwisho linaanza kukwaruza.

Linafuata suala la nati, ambalo nalipa uzito kuliko watu wengi wanavyolipa. Ringi ya chuma hukazwa kwa nati yenye koni. Ringi za aloi za Discovery na Range Rover za kizazi cha kwanza zina nati zake, zenye shingo na washa, kwa sababu aloi ni nene na laini kuliko chuma. Anayezikaza kwa nati za koni zilizotoka kwenye ringi za zamani ataona zimeshika vizuri pale gereji, na zitaendelea kushika mpaka mzigo na matuta ya njia ya Kalya yaanze kuzilegeza.

Mwisho ni tairi. Pikapu ya 109 ilizaliwa na tairi la 7.50-16, lenye kimo cha milimita 800 hivi. Discovery ya kwanza ilivaa la 235/70R16, ambalo hesabu yake inatoa milimita 735. Ukihamisha ringi pamoja na tairi lake, tumbo la gari linashuka zaidi ya sentimita tatu, na kipima mwendo kinachosoma kilomita 60 kinakuwa kimekudanganya, kwani unakwenda kama 55. Mjini sentimita tatu si kitu. Penye makorongo zinaweza kuwa ndizo zilizobaki kati ya difu na jiwe. Kwa sababu hizi zote jibu la kawaida la Kigoma huwa ni ringi ya chuma ya Defender, tairi refu jembamba la 7.50R16, na tyubu ndani. Ringi nyingi za zamani zimeunganishwa kwa ripiti na hewa hupenya pale zilipopigiliwa, kwa hiyo tyubu haikwepeki. Na hata kwenye ringi mpya isiyovuja, tyubu inapendwa kwa kuwa pancha yake inazibika kando ya njia kwa vyuma viwili na kipande cha mpira.

Tuvuke sasa hadi nchi iliyolizaa gari hili. Uingereza nayo inazo 109 nyingi zilizotunzwa, na wenyewe huzijadili kwa elimu ambayo mtu hana budi kuiheshimu. Mwenye gari la 1965 anajua rangi ya ringi za mwaka huo, anajua alama ya mtengenezaji iliyogongwa kwenye bamba, na akivika ringi za baadaye atazihifadhi za awali ghalani ili siku moja zirudi. Swali lake ni uaminifu kwa kumbukumbu: je, hivi ndivyo lilivyotoka kiwandani? Ni swali la mtunza nyaraka, na bila watu wa namna hiyo tusingejua leo bolti ilibadilika lini kutoka inchi kwenda milimita. Fundi wa Kigoma anayechagua bolti sahihi anakula matunda ya udadisi wao hata kama hawajawahi kuonana.

Lakini sheria ya Uingereza ina hesabu nyingine. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili, DVLA, ilipima magari yaliyobadilishwa sana kwa alama: chesisi alama 5, mfumo wa springi 2, ekseli 2, gia 2, usukani 2, injini 1. Gari lililobaki na alama 8 kati ya hizo 14 liliruhusiwa kuendelea na namba yake ya zamani. Magurudumu hayamo kabisa. Mpenzi wa asili hukesha akitafuta ringi ya mwaka wake. Serikali yake haikumpa kwa ringi hizo hata alama moja. Na hapa Tanzania, kadi ya gari huandika namba ya chesisi na namba ya injini, magurudumu ikiyanyamazia vilevile. Nchi mbili zenye barabara zisizofanana zinakubaliana kwamba gurudumu ni vazi, na mwili uko kwingine.

India imeliweka swali mahali pengine. Katika kijiji cha Maneybhanjang, wilaya ya Darjeeling, yamebaki makumi ya Land Rover za miaka ya 1950, nyingi zikiwa zililetwa na wenye mashamba ya chai wa Kiingereza. Zinapandisha wasafiri na shehena hadi Sandakphu, mita 3,636 juu ya usawa wa bahari, kwa njia ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya mawe matupu na kona kali. Vipuri vya Uingereza viko mbali, na karibu iko Mahindra, kampuni iliyoanza kuunganisha jipu za Willys mwaka 1947. Basi injini nyingi ndani ya Land Rover hizo zimekuwa za Mahindra. Kwa kanuni zile za Uingereza hilo lilikuwa badiliko dogo, alama moja tu. Kwa mpenzi wa asili ni pigo la moyo. Kwa dereva wa Maneybhanjang ndilo lililolifanya gari la babu yake liwe bado gari.

Cha ajabu ni kwamba jirani aliyetoa injini hawezi kutoa gurudumu kwa urahisi huo. Jipu ina bolti tano kama Land Rover, lakini duara lake ni inchi tano na nusu, milimita 139.7. Anayetazama haraka ataona tano kwa tano na kudhani vinafanana; vikisogezwa pamoja, hakuna tundu hata moja linalokutana na bolti. Moyo ulipandikizwa na kiatu kikagoma. Ndipo unapoona kwamba Kigoma na Maneybhanjang zinafanana kwa nia, maana zote zinalitaka gari lipande na mzigo wake, lakini zinatofautiana kwa kilicho jirani. Kigoma, kwa miaka mingi, jirani yake alikuwa Land Rover nyingine: ya serikali, ya shirika, iliyouzwa mnadani au kufa kando ya barabara. Sehemu za ukoo zilibaki ndani ya ukoo.

Ningependa kusita hapa na kuugeukia ukingo wa ziwa wenyewe, kwa sababu Kigoma ilikwisha kulijibu swali hili kabla ya Land Rover kuundwa. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya Graf von Götzen, kikaifungua tena na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Sehemu zake zilisafirishwa hadi Dar es Salaam, zikabebwa kwa Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, zikaunganishwa upya ufukweni. Meli iliingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isianguke mikononi mwa adui, ila mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali mizima, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mvuke uliisukuma hadi miaka ya 1970, ulipoondolewa na kuwekwa injini za dizeli.

Hebu tuiweke Liemba mbele ya mizani ya kila mmoja. Kwa kipimo cha Uingereza, kinacholilinda gari ili liendelee kuitwa kwa namba yake, Liemba ilianza vibaya: jina lake lilifutwa likaandikwa jingine. Kwa kipimo cha mpenzi wa asili, mvuke ulipoondoka nusu ya roho ilikwenda nao. Lakini abiria wa Kigoma aliyepanda kuelekea Kasanga au Mpulungu, Zambia, hakuwa na shaka kwamba meli aliyomo ndiyo ileile iliyokaa chini ya maji kwa miaka. Kwake ubavu wa chuma ulioelea na kubeba ndio meli, na kinachousukuma kinaweza kuwa kuni, mafuta au chochote kitakachokuja. Mitumbwi ya dagaa inayotoka Kibirizi na Katonga inafuata kanuni hiyohiyo: mashine ya nyuma inafunguliwa, inauzwa, inaletwa nyingine, na mtumbwi unabaki mtumbwi wa fulani. Siwezi kuthibitisha kwamba fundi wa magari amejifunza haya kutoka kwa mafundi wa bandari. Ninachoweza kusema ni kwamba yupo katika mji ambao kubadili kinachokisogeza chombo, na kulinda kinachobeba, ni tabia ya zaidi ya karne moja.

Marekani inageuza mpangilio huu wote. Pikapu za Chevrolet zilizoanza kutoka mwaka 1947, zenye mabawa ya duara na pua pana, zilikuwa magari ya shamba kama ilivyokuwa 109. Leo nyingi zimestaafu mzigo na zinapendwa kwa umbo. Mwenyewe anaweza kung'oa chesisi, ekseli, injini na breki, mradi mstari wa bodi ubaki, na ringi za inchi 15 za miaka ya 1970 huvikwa ili gari likae chini na kujaza nafasi ya bawa. Si upuuzi, kama wengine wa kwetu wanavyodhani. Mara nyingi ringi mpya huja na usalama: mwaka 1971 pikapu ndogo za Chevrolet zilipata breki za diski mbele na bolti zikatoka sita kwenda tano, hivyo anayezitaka ringi za miaka hiyo katika gari la 1950 hulazimika kuleta na breki zake. Anayefukuzia uzuri amepata gari linalosimama upesi zaidi. Kigoma, inayofukuzia uzito, mara nyingi inabaki na breki za ngoma za 1972 chini ya ringi za 2002, na katika hili Mmarekani ametutangulia.

Kuna undugu mwingine uliojificha humo. Bolti sita za Chevrolet hizo za zamani zilikaa kwenye duara la inchi tano na nusu, milimita 139.7. Duara hilohilo, bolti sita zilezile, ndilo la Toyota Hilux na la Land Cruiser za kazi zilizojaa Kigoma tangu misafara ya misaada ya wakimbizi ilipoongezeka miaka ya 1990, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996. Pikapu ya mkulima wa Ohio na gari la kubebea dawa la Kasulu zinahesabu kwa kidole kimoja. Tundu la katikati na kina cha ringi havilingani sikuzote, kwa hiyo sisemi kwamba zinabadilishana hivihivi. Lakini mlango uko wazi.

Oman, ambako familia kadhaa za Ujiji zina nasaba tangu siku za misafara ya pembe, inatoa pingamizi zuri kwa Kigoma. Kwenye vilima vya mchanga vya Sharqiya, dereva hupunguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi karibu na 15 ili likanyage kwa upana. Tyubu haiipendi hali hiyo: tairi likilegea huzunguka juu ya ringi, likaivuta tyubu na kuikata shingo ya valvu. Kwa hiyo gari la zamani la Oman likivikwa ringi za baadaye, huvikwa pana zisizohitaji tyubu. Ringi ambayo Kigoma inaikataa kwa kupenda tyubu inayozibika porini, Oman inaitafuta kwa kuwa haichaniki mchangani. Tairi jembamba linalokata tope hadi kwenye udongo mgumu ni hekima Kalya. Mchangani lingechimba kaburi lake. Kila upande una haki kamili, na kosa ni kubeba jibu la mmoja kwenda kwa mwenziwe, jambo linalotokea kila kijana anaponunua ringi pana kwa sababu aliziona kwenye picha ya jangwa.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali kuhusu spesa, vile vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya habu na ringi ili isiyofaa ionekane kufaa. Katika gari la maonyesho la California, linalobeba watu wawili kwenye lami, spesa iliyochongwa vizuri inaweza kudumu. Katika pikapu inayobeba tani moja ya dagaa, kila sentimita ambayo gurudumu limesukumwa nje inaongeza mkono unaokamua beringi. Hiki ni kitu ambacho desturi ya Kigoma, kwa swali lake la kubeba, ingepaswa kukikataa kabla ya nyingine zote. Wanaokikubali wameacha swali la nyumbani na kuazima la watu wengine.

Na sasa ukoo wenyewe umefika ukomo. Defender mpya, iliyoanza kuuzwa 2020, ina bolti tano kwenye duara la milimita 120, na ringi yake ndogo kabisa ni ya inchi 18; haiwezi kumvika mzee wake. Kwa Toyota ufa ulitangulia: mwaka 1999 pikapu ya Land Cruiser ilipopewa koili mbele, bolti zake zilitoka sita kwenda tano, duara likawa 150. Uingereza bado itachongesha ringi za 109 kwa sababu wapo wanaolipia kumbukumbu. Maneybhanjang pengine itaingiza habu za jipu na kumaliza ubishi. Kigoma inabaki na ringi za Defender zilizokwisha kufika, ambazo hakuna anayezitupa tena, na mafundi wa leti wanaoweza kutoa bolti ya milimita 16 kutoka kwenye kipande cha ekseli iliyokatika. Ningewashauri wenye pikapu hizo waanze na ringi za akiba na tairi za 7.50 kabla ya kufikiria rangi, na wakisha kupata ringi watafute na habu zake, bolti zake na nati zake, kwani vinne hivyo vilitengenezwa kuvaliwa pamoja.